Charles Drew: Msee Aliyefunza Mpira Miaka 2 Akitafuta Karo ya Udaktari, Kisha Akabadilisha Mambo ya Damu

Kuna swali moja ambalo msee wa miaka ishirini na kitu hapendi kuulizwa kwa harusi ama matanga: kwani siku hizi unasoma wapi? Hasa kama jibu ni bado. Ushamaliza kozi ya kwanza, ile unayoitaka kabisa inadai doh ambayo huna, na mabeste wako wanaposti picha wakiwa na koti nyeupe za daktari. Wewe uko mtaani unachapa mboka yoyote inayokuja, na kila mwezi ukipita unaanza kushuku kama hii gepu uliyosema ni ya mwaka mmoja itaisha kweli.

Basi kaa hapo nikupee stori ya Charles Drew. Kama umewahi kuongezewa damu hospitalini, ama mtu wako amewahi kuokolewa na pakiti ya plazma, kuna mkono wa huyu jamaa mahali. Na kabla hajagusa hata koti ya daktari, alikuwa kochi wa mpira.

Mtoto wa fundi wa kapeti

Drew alizaliwa Washington, D.C., tarehe 3 Juni 1904, kifungua mimba katika familia ya watoto 5. Fathe alikuwa fundi wa kutandika kapeti. Mathe alikuwa amesomea ualimu. Hawakuwa masikini wa kulala njaa, lakini doh haikuwa ya kuchezea. Akiwa na miaka 12 Charles alikuwa anauza magazeti barabarani, na haikupita muda akawa na vijana wengine 6 chini yake wanamuuzia. Unaona? Hasla ilianza mapema.

Shuleni alisifika kwa miguu kuliko kwa vitabu. Pale Dunbar, hai skuli ya watu weusi iliyokuwa na jina kubwa Washington, alikuwa anashinda karibu kila mchezo. Mwaka wa 1922 akapata ufadhili wa michezo kuingia Amherst, chuo cha Massachusetts kilichokuwa na wanafunzi weusi wachache sana, wa kuhesabika. Huko alitamba kwa riadha na kwa ule mpira wa Wamarekani wa kubeba mkononi na kugongana. Darasani alikuwa wa kawaida tu. Hakuna mwalimu angekuambia wakati huo kwamba hapa kuna daktari wa kuandikwa kwa historia.

Lakini udaktari ulikuwa unamnyemelea. Mwaka wa 1920 dadake Elsie alikufa, kifua kikuu pamoja na ile homa kali ya mafua iliyokuwa inafagia dunia. Halafu akiwa Amherst aliumia uwanjani akalazwa hospitali, na akiwa pale kitandani akaanza kucheki vile madaktari wanafanya kazi yao. Akapenda. Mwalimu wake wa bayolojia naye akamwasha moto zaidi. Kufikia 1926 akimaliza digrii, alikuwa anajua anataka nini.

Shida ilikuwa moja. Hakuwa na ganji.

Miaka 2 Baltimore

Hapa lazima uelewe vile mambo hufanya kazi Marekani. Kwetu Kenya, ukitoka fom foo na pointi kali, unaingia udaktari moja kwa moja. Huko, kwanza unamaliza digrii ya kawaida, ndio uombe nafasi chuo cha udaktari, na kinakungoja na bili yake kubwa. Kwa hivyo gepu katikati ya hizo shule mbili ni kitu wasee wengi huchukua mpaka leo. Wengine hupumzika, wengine hufanya utafiti, wengine hutafuta karo kama Drew.

Mwaka wa 1926 akashika mboka Morgan College, chuo cha watu weusi mjini Baltimore. Alikuwa anafunza bayolojia na kemia, na pia ndiye alikuwa mkuu wa michezo na kochi. Fikiria hiyo wiki: mchana uko darasani unaeleza mambo ya seli, jioni uko uwanjani unapigia kelele vijana waliochoka. Timu alizozipata zilikuwa za kawaida sana. Ndani ya miaka 2 zikawa timu za kuogopwa na vyuo vingine.

Msee angeweza kubaki hapo. Ukweli ni kwamba hapo ndipo gepu za wasee wengi hufia. Mshahara unaingia, watu wanakuheshimu, unaitwa kochi kila kona, na ndoto inaanza kukaa kama kitu cha utoto. Drew alikuwa na kila sababu ya kukaa. Lakini alikuwa ameingia Baltimore akijua kwa nini yuko pale, na kila dola aliyoweka ilikuwa na jina. Mwaka wa 1928 akaanza kutuma maombi.

Mlango ukafungwa

Sasa skia hii. Aliomba Howard, chuo cha watu weusi kilichokuwa mtaani kwao kabisa, Washington. Wakamkataa. Si kwa sababu ya sayansi. Walisema masomo yake ya Kiingereza pale Amherst hayakutosha kulingana na sheria zao. Yaani chali ametoka kufunza chuo miaka 2, anaambiwa arudi akaongeze Kiingereza.

Harvard nao walimkubali, lakini wakamwambia aje mwaka unaofuata. Kumbuka huyu ni msee ambaye tayari ameketi nje miaka 2. Wengi wetu tungesema sawa, Harvard ni Harvard, wacha ningoje. Drew akakataa kungoja. Akaenda McGill, Montreal, Kanada, chuo kilichojulikana kutonyanyasa wanafunzi weusi vile vyuo vingi vya Marekani vilifanya. Hapo akaanza udaktari 1928, akiwa na miaka 24.

Na yule mwanafunzi wa kawaida wa Amherst? Alipotea. Pale McGill alichapa vitabu hadi akamaliza 1933 akiwa nambari 2 katika darasa la watu 137. Katikati ya hayo bado alikuwa kapteni wa timu ya riadha, na bado alikuwa anasota, maana ile anguko kubwa la uchumi wa dunia lilikuwa limeanza 1929. Siwezi kukuambia ni gepu peke yake ilimbadilisha. Lakini ukishafunza watu kemia miaka 2, unajua kemia. Na ukishaitafuta karo na jasho lako mwenyewe, hulali darasani.

Stori ya damu

Akiwa Montreal alifanya kazi na mwalimu anayeitwa John Beattie, aliyekuwa anafuatilia mambo ya mshtuko wa mwili na kuongeza damu. Siku hizo damu ilikuwa noma. Ukiumia, lazima apatikane mtu wa kundi lako, hapo hapo, atoe. Damu nzima ikiwekwa kwa baridi ilikuwa inaharibika baada ya siku chache.

Mwaka wa 1938 Drew alipata ufadhili wa kwenda New York, chuo cha Columbia na hospitali ya Presbyterian, kufanya utafiti pamoja na John Scudder. Walijaribu kila kitu: chupa ya umbo gani, dawa gani ya kuzuia damu isigande, baridi kiasi gani, msukosuko kiasi gani njiani. Mwaka wa 1940 akaandika yote kwa tasnifu kubwa kuhusu damu ya akiba, na akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kupata shahada ya udaktari wa sayansi ya tiba pale Columbia.

Wacha tuwe wakweli hapa kwa sababu mitandaoni utasoma vingine. Drew hakuvumbua plazma. Wala hakufungua benki ya damu ya kwanza Marekani, hiyo ilikuwa Chicago 1937. Alichofanya ni kuchukua vitu vilivyokuwa vinafanyika kidogo kidogo hapa na pale, akavifanya vifanye kazi kwa maelfu ya watu bila kuua mtu.

Nafasi ilikuja haraka. Mwaka wa 1940 Uingereza ilikuwa inalipuliwa na ndege za Hitler na ilihitaji plazma. Plazma ni yale maji ya rangi ya manjano yanayobaki ukitoa seli kwa damu. Inakaa muda mrefu kuliko damu nzima, na wakati huo ilitumiwa bila kusumbuka kutafuta kundi la mgonjwa. Hospitali za New York zikaanza kukusanya, na Drew akaitwa kusimamia. Hapo ndipo unaona yule kochi wa Baltimore. Akaweka taratibu moja kwa kila hospitali: vile mtu anatolewa damu, vile plazma inatenganishwa, vile kila chupa inapimwa isiwe na wadudu. Mradi ulipofungwa Januari 1941, watu kama 14,500 walikuwa wametoa damu, na zaidi ya lita 5,000 za plazma zilikuwa zimevuka bahari.

Baada ya hapo Msalaba Mwekundu wa Marekani ukamchukua kama mkurugenzi msaidizi wa mradi wa majaribio wa taifa, na hapo yakaanza yale magari ya kufuata watoaji damu mahali walipo. Ile hema unayopita tao ukiambiwa ingia utoe damu ni ndugu ya hayo magari. Na Agosti 1998, bomu lilipolipuka Nairobi na watu wakapanga foleni ndefu kutoa damu, damu hiyo ilihitaji mfumo wa kuikusanya, kuipima na kuiweka. Mifumo kama hiyo inasimama juu ya kazi ya Drew na wenzake.

Damu ya nani?

Sasa uchungu. Mwisho wa 1941, Marekani ikiingia vitani, Msalaba Mwekundu ulikuwa haupokei damu ya watu weusi. Baada ya kelele, Januari 1942 wakakubali kuipokea, lakini iwekwe kando ili wazungu wasipewe. Yaani mtu aliyesimamia kazi hiyo, damu yake mwenyewe isingewekwa kwa chupa moja na ya jirani yake mzungu.

Kuna stori kwamba Drew alijiuzulu kwa hasira juu ya hiyo sheria. Haikuwa hivyo, alikuwa ameshaondoka mapema 1941. Lakini alibonga waziwazi kwamba hakuna sayansi yoyote inayotenganisha damu kwa rangi ya ngozi. Sheria hiyo ilikaa hadi 1950.

Na alienda wapi baada ya kuondoka? Howard. Eeh, hiyo hiyo iliyomkataa kwa sababu ya Kiingereza. Mwaka wa 1941 alirudi hapo kama mkuu wa idara ya upasuaji. Angeweza kukaa New York akitafuta jina. Yeye akaamua mboka kubwa ya maisha yake ni kufunza madaktari vijana weusi kuwa wapasuaji, wakati hospitali nyingi zilikuwa zinawafungia mlango na chama kikuu cha madaktari kilikuwa hakiwataki. Aliwasukuma kama vile alivyosukuma vijana wa Morgan uwanjani, na walipoanza kufanya mitihani ya taifa ya upasuaji, walipita.

Barabara ya North Carolina

Tarehe 1 Aprili 1950, Drew na madaktari wengine 3 walikuwa safarini usiku kwenda Tuskegee, Alabama, kwa kliniki ya bure ya kila mwaka. Alikuwa amechapa kazi mchana kutwa. Asubuhi, wakiwa North Carolina, usingizi ukamshika akiwa ndiye dereva, gari likabingirika. Wenzake walipona. Yeye alikufa hospitalini mjini Burlington akiwa na miaka 45, akaacha mke na watoto 4.

Utasikia ati alikufa kwa sababu hospitali ya wazungu ilikataa kumwongezea damu. Si kweli. Madaktari walijaribu, na wenzake waliokuwa naye walisema hivyo wazi. Lakini watu waliamini hiyo stori miaka mingi kwa sababu rahisi: ilikuwa imetokea kwa watu weusi wengine wengi.

Kwa hivyo hesabu na mimi. Miaka 45 pekee. Ukikaa na kalamu, ile miaka 2 ya Baltimore ni kipande kikubwa cha maisha mafupi hivyo, na hakuna mtu leo huisema kama miaka iliyopotea. Alitoka na doh ya kuanzia na uzoefu wa kuongoza watu waliochoka. Zaidi ya hayo, alitoka kwa wakati.

Kama uko kwa gepu yako saa hii, hakuna mtu anaweza kukuahidi kwamba itaishia kwa historia. Lakini jiulize maswali mawili ambayo Drew alikuwa na majibu yake: uko hapo kwa sababu gani, na utaondoka lini. Ukiwa nayo, shangazi aulize anachotaka.