Sammy Davis Jr.: Mtoto Asiyekwenda Shule

Ndugu zangu, kila tukutanapo hapa jambo la kwanza ni kuulizana fulani yuko wapi, na yule mwalimu wetu wa hesabu, je, bado yu hai? Safari hii nawaletea habari za mtu mashuhuri ambaye hakuwa na wa kumuuliza maswali hayo, kwa sababu hakukaa darasani kama tulivyokaa sisi. Huyo ni Sammy Davis Jr., mwimbaji, mcheza dansi na mwigizaji wa Marekani. Baadhi yenu mtakumbuka wimbo wake uliovuma mwaka 1972 juu ya muuza peremende. Yeye mwenyewe hakuupenda, lakini ndio wimbo wake pekee uliofika nambari moja nchini kwao.

Alizaliwa Harlem, New York, tarehe 8 Desemba 1925. Baba na mama wote walikuwa wacheza dansi wa kusafiri, na mtoto aliachwa kwa bibi yake. Alipokuwa na umri wa miaka mitatu wazazi waliachana, na baba, kwa kuogopa kunyang'anywa mwana, akamchukua akaenda naye njiani. Kiongozi wa kikundi alikuwa Will Mastin, ambaye Sammy alimwita mjomba ingawa hawakuwa ndugu wa damu. Usiku mtoto alicheza jukwaani, mchana alilala ndani ya treni au katika vyumba vya kupanga.

Sheria za baadhi ya miji zilikataza watoto kufanya kazi za namna hiyo. Wazee wale wawili walipata hila: walimtia biri mdomoni, wakatangaza kwamba huyo si mtoto bali ni mtu mzima mbilikimo. Watu walicheka, nao wakaguzi wakapita. Nami nilicheka niliposoma habari hiyo mara ya kwanza. Niliposoma mara ya pili nilimfikiria mwanangu wa darasa la pili, kicheko kikanitoka.

Mwaka 1933, akiwa na miaka saba, aliigiza katika filamu fupi pamoja na mwimbaji maarufu Ethel Waters. Katika hadithi ile mtoto Mweusi anaota amekuwa Rais wa Marekani. Filamu ilikusudiwa kuchekesha, na imejaa kejeli juu ya watu Weusi, lakini ukimtazama kijana yule anavyoimba na miguu yake inavyogonga sakafu, unasahau kejeli zote.

Vita vya Pili vilimkuta kijana, akaingizwa jeshini. Huko ndiko alikojua maana ya rangi yake, kwa sababu njiani baba na Mastin walikuwa wakimficha ukweli, wakimwambia kwamba wanaomtukana ni watu wenye wivu tu. Askari wenzake Wazungu walimpiga wakamvunja pua, na mara moja walimpaka rangi nyeupe. Lakini jeshini pia alimpata sajini mmoja aliyemwazima vitabu na kumsaidia kusoma. Hebu fikirini: sisi tulipewa vitabu tukivificha chini ya godoro tusisome, na mwenzetu alikabidhiwa chake cha kwanza baina ya kipigo na kipigo.

Baada ya vita kikundi cha watu watatu kikaendelea. Las Vegas walishangiliwa jukwaani, kisha wakatakiwa kwenda kulala mtaa wa watu Weusi, maana hoteli waliyoijaza wateja haikuwapa kitanda. Mwaka 1951 walicheza katika klabu ya Ciro's, Hollywood, na kuanzia hapo jina lake likapaa. Hata hivyo mapato yaliendelea kugawanywa mafungu matatu kwa miaka mingi, ingawa watu walikuja kumwona yeye. Wengine humwona Mastin kama mnyonyaji. Mimi sina hakika. Aliyekupa mkate ukiwa na miaka mitatu si rahisi kumpigia hesabu.

Novemba 1954, akiendesha gari kutoka Las Vegas kwenda Los Angeles kurekodi wimbo, alipata ajali, na kitovu cha usukani kikamharibu jicho la kushoto. Miezi michache baadaye alirudi jukwaani akiwa na kitambaa jichoni. Mwaka 1964 akaongoza mchezo wa Golden Boy huko Broadway, uliooneshwa mara 568.

Siasa hazikumtendea wema. Alimfanyia Kennedy kampeni, kisha akaambiwa asifike kwenye sherehe za kuapishwa Januari 1961, kwa kuwa alikuwa amemwoa May Britt, mwanamke wa Kizungu kutoka Sweden. Alishiriki maandamano ya Washington mwaka 1963. Mwaka 1972 akamkumbatia Nixon hadharani, na watu Weusi wengi wakamkasirikia.

Fedha alizipata nyingi na kuzitapanya nyingi zaidi. Hakuna aliyemfunza kuweka akiba. Mwaka 1989 alipatikana na saratani ya koo. Madaktari walitaka kulikata koromeo. Yeye akachagua kwanza dawa na mionzi ili aibakize sauti. Mwishoni mwa mwaka huo wasanii walimwandalia tamasha la kuadhimisha miaka 60 ya kazi yake. Hakuimba. Alivaa viatu vyake vya vyuma, akapanda jukwaani, akacheza pamoja na Gregory Hines.

Alifariki tarehe 16 Mei 1990, mwenye umri wa miaka 64. Las Vegas ikazima taa za mtaa wake mkuu kwa dakika kumi. Serikali ilikuwa ikimdai kodi ya mamilioni ya dola, na mwaka 1991 vitu vyake vikapigwa mnada. Alizikwa Glendale, California, kando ya baba yake na Will Mastin.