Askofu Sproll na Kura ya Jumapili ya Matawi

Mwaka 1938 Jumapili ya Matawi iliangukia tarehe 10 Aprili. Siku hiyohiyo wananchi wa Ujerumani na Austria waliitwa kwenda kupiga kura. Majeshi ya Hitler yalikuwa yameingia Austria mwezi mmoja tu kabla, na karatasi ya kura ilikuwa na swali moja lililobeba mambo mawili: je, mpiga kura anakubali Austria kuunganishwa na Ujerumani, na je, anaichagua orodha ya wabunge ya Hitler? Duara la ndiyo lilichapwa kubwa katikati. La hapana lilikuwa dogo, pembeni. Orodha nyingine haikuwapo, kwa maana tangu Julai 1933 chama kimoja tu ndicho kilichoruhusiwa kisheria.

Askofu wa Rottenburg, Joannes Baptista Sproll, hakupiga kura.

Tunamkumbuka mtu huyu kwa sababu hakuwa mgeni wa siasa wala adui wa nchi yake. Alizaliwa tarehe 2 Oktoba 1870 katika kijiji cha Schweinhausen, mtoto wa mtengeneza barabara. Alipata daraja takatifu la upadre mwaka 1895, akawa Askofu Msaidizi mwaka 1916 na Askofu wa Jimbo mwaka 1927. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza aliketi katika bunge lililotunga katiba ya Württemberg, kwa hiyo alijua vema bunge la kweli ni kitu gani. Wanazi walipoanza kueneza mafundisho ya damu na taifa mahali pa imani, aliwakusanya vijana kwa maelfu na kuyapinga mafundisho hayo hadharani. Mwaka 1937 Baba Mtakatifu Pio XI naye aliwaandikia Wajerumani waraka mkali uliosomwa makanisani, tena Jumapili ya Matawi.

Hatuna budi kusema jambo moja ambalo wasimulizi wengine hulipita haraka. Sproll hakupinga muungano na Austria. Kwa hilo peke yake angeweza kusema ndiyo. Kilichomzuia ni ile orodha. Ndani yake walikuwamo watu waliolichukia Kanisa waziwazi, na dhamiri yake haikumruhusu kuwapa imani yake. Kwa kuwa maswali mawili yalifungwa katika jibu moja, alikaa kando. Wakati huohuo maaskofu wa Austria, wakiongozwa na Kardinali Innitzer wa Vienna, walikuwa wametoa tamko la kuunga mkono kura ya ndiyo, na Roma haikupendezwa nalo. Hatuwahukumu wachungaji hao waliokuwa katika hofu, lakini tofauti inaonekana.

Sheria haikumlazimisha mtu kupiga kura. Hata hivyo, katika utawala ule kutokuonekana kituoni kulitosha kuwa kosa, na matokeo rasmi yalitangazwa kuwa zaidi ya asilimia 99 ya ndiyo. Maandamano dhidi ya Askofu yalianza mara. Akaondoka Rottenburg kwa muda, akarudi Julai, na fujo zikarudi pamoja naye. Tarehe 23 Julai umati mkubwa, wengi wao wakiwa wameletwa kutoka nje ya mji, ulivunja na kuingia katika nyumba ya Askofu. Serikali ilimtaka ajiuzulu. Hakujiuzulu. Tarehe 24 Agosti 1938 polisi wa siri walimtoa jimboni mwake kwa nguvu.

Uhamisho huo ulidumu karibu miaka saba. Makamu wake, Max Kottmann, aliendelea kuliongoza jimbo kwa niaba yake, huku Askofu mwenyewe akihama makao hadi akatulia Krumbad, huko Bavaria. Hapo ugonjwa ulimshika, viungo vikapooza polepole. Na lile bunge lililochaguliwa kwa kishindo namna ile? Lilikutana mara chache tu, kusikiliza hotuba za Hitler na kupiga makofi, na baada ya Aprili 1942 halikuketi tena.

Juni 1945, vita vilipokwisha, Sproll alirudishwa Rottenburg. Hakuweza tena kutembea, ilibidi abebwe. Waamini walimpokea kwa furaha, naye akaendelea na utume wake akiwa mgonjwa, katika nchi iliyojaa magofu na wakimbizi, mpaka alipofariki dunia tarehe 4 Machi 1949. Alizikwa katika kanisa la Sülchen, nje kidogo ya mji. Mwaka 2011 Jimbo la Rottenburg-Stuttgart, kama linavyoitwa sasa, lilifungua mchakato wa kumtangaza Mwenyeheri, na kwa hiyo tunamwita Mtumishi wa Mungu.