Bukharin, mtetezi wa soko la mkulima

NIKOLAI Bukharin alizaliwa jijini Moscow mwaka wa 1888, wazazi wake wote wakiwa walimu. Alijiunga na Wabolsheviki mwaka wa 1906, na baada ya mapinduzi akawa mhariri wa gazeti la Pravda.

Mwanzoni hakutaka kusikia habari za biashara huria. Uhaba wa chakula na maasi ya wakulima yalimgeuza. Mwaka wa 1921, Lenin aliporuhusu mkulima alipe kodi ya mazao kisha auze sokoni ziada yake, Bukharin akawa mtetezi mkuu wa sera hiyo. Mwaka wa 1925 hata aliwahimiza wakulima wajitajirishe, kauli iliyokuja kumponza.

Stalin alipoanza kutwaa nafaka kwa nguvu mwaka wa 1928, Bukharin alipinga, na mwaka uliofuata akang'olewa uongozini. Ajabu ni kuwa Mei 1932, njaa ikibisha hodi, Stalin huyo huyo aliwaruhusu wakulima wa mashamba ya ujima kuuza ziada yao kwa bei ya soko.

Bukharin alipigwa risasi Machi 1938. Mjane wake, Anna Larina, alihifadhi wasia wake kichwani kwa miaka mingi, akaishi kumwona akiondolewa hatia mwaka wa 1988.