Yohane Maria Vianney, Padre wa Ars

Karibu na mji mkubwa wa Lyon, katika nchi ya Ufaransa, kipo kijiji kiitwacho Dardilly. Hapo ndipo alipozaliwa Yohane Maria Vianney, tarehe 8 Mei 1786. Wazazi wake walikuwa wakulima, naye tangu utoto alichunga kondoo. Alipokuwa angali mdogo mapinduzi makubwa yalitokea nchini. Makanisa yakafungwa, na mapadre waliokataa kiapo cha serikali wakawindwa kama wevi. Yohane alipokea Komunyo ya kwanza mwaka 1799 ndani ya nyumba ya watu, madirisha yamezibwa, na nje yamewekwa magari ya majani makavu ili nuru ya mishumaa isionekane.

Alitamani sana kuwa padre. Lakini tamaa ni jambo moja, na Kilatini ni jambo jingine. Alikuwa karibu miaka 20 alipoanza kusoma kwa Padre Balley, paroko wa Ecully, naye alikuwa mzito wa kujifunza: aliyoyashika jioni yalikuwa yamekwisha potea asubuhi. Wenzake darasani walikuwa watoto. Mmoja wao, Mathias Loras, aliambiwa amsaidie. Akachoka kumwonyesha neno lile lile, akampiga mbele ya wote. Yohane alikuwa mtu mzima mwenye nguvu za mkulima, angeweza kumwinua mtoto yule kwa mkono mmoja. Badala yake akapiga magoti mbele yake, akamwomba radhi kwa ujinga wake. Mtoto akalia, akamkumbatia, wakawa marafiki tangu siku ile. Loras huyo baadaye akawa Askofu wa kwanza wa Dubuque, huko Marekani.

Mwaka 1809 Yohane aliitwa jeshini. Akaugua, akaachwa nyuma na kikosi chake, kisha akajificha milimani mpaka watoro waliposamehewa. Jambo hili halisifiwi, wala halifichwi.

Katika seminari ya Lyon masomo yalitolewa kwa Kilatini, na Yohane hakuweza kujibu. Akafukuzwa. Padre Balley hakukubali. Alikwenda kumwombea kwa wakubwa. Nao wakauliza kama kijana huyo anapenda kusali, na waliposikia kwamba katika hilo hana mfano, wakaikabidhi kazi iliyobaki kwa neema ya Mungu. Alipewa upadre huko Grenoble tarehe 13 Agosti 1815. Hata hivyo hakupewa ruhusa ya kuungamisha mara moja, kwa kuwa walimdhania hajui vya kutosha.

Februari 1818 akapelekwa Ars, kijiji cha watu 230 hivi. Nyumba za mvinyo zilikuwa 4, na siku ya Jumapili hizo ndizo zilizojaa. Padre mpya hakuanza kwa kelele. Kabla ya mapambazuko alikuwa amekwisha piga magoti mbele ya Tabernakulo. Alipika viazi vya siku nyingi katika chungu kimoja, akavila vikiwa baridi, hata vilipoota ukungu. Godoro lake akalitoa kwa maskini. Katika mahubiri mara nyingi maneno yalimpotea, naye akaishia kuonyesha kwa kidole Tabernakulo, machozi yakimtoka, ili watu wamtazame aliyemo mle wala wasimtazame yeye. Polepole wakaanza kutazama. Mkulima mmoja alizoea kuacha jembe lake mlangoni pa kanisa, akaketi ndani kwa muda mrefu bila kutikisa midomo, macho yake kwa Bwana.

Sifa zikaenea, na wivu nao ukaamka. Mapadre wengine wa jirani waliandika barua ya mashtaka kwa Askofu, kwamba paroko wa Ars ni mjinga asiyefaa kuongoza roho za watu. Barua ilipitishwa toka parokia hata parokia ipate sahihi, na kwa bahati ikamfikia Vianney mwenyewe. Akaisoma yote. Kisha akatia sahihi yake pamoja na zao, akaipeleka mbele, kwani aliona waliyoandika ni kweli. Askofu Devie hakumwondoa, bali alimtetea.

Basi watu wakaja Ars kwa makumi ya maelfu kila mwaka. Aliamka usiku wa manane akaketi katika kiti cha maungamo saa 11 au 12, na wakati wa joto hata saa 16. Kazi hii ilimlemea. Zaidi ya mara moja alitoroka usiku, akitafuta mahali pa upweke alilie dhambi zake. Kila mara watu wakamfuata, akarudi. Wagonjwa walipopona, alisema ni kwa maombi ya Mtakatifu Filomena. Mwaka 1852 Askofu alimvika joho la heshima. Akaliuza kwa faranga 50 akawapa maskini fedha. Mwaka 1855 Kaisari wa Ufaransa akampa nishani, naye hakuivaa hata siku moja.

Alifariki tarehe 4 Agosti 1859, mwenye miaka 73. Papa Pius XI alimtangaza Mtakatifu mwaka 1925, na mwaka 1929 akamweka, yeye aliyefukuzwa seminari, kuwa msimamizi wa maparoko wote duniani.