Vito Volterra

Vito Volterra (Ancona, 3 Mei 1860 – Roma, 11 Oktoba 1940) alikuwa mwanahisabati na mwanafizikia kutoka nchini Italia. Anajulikana hasa kwa milinganyo inayoeleza jinsi idadi ya wanyama wawindaji na ya mawindo yao zinavyotegemeana.

Maisha

Alifiwa na baba yake akiwa na umri wa miaka miwili. Baadaye alifundisha katika vyuo vikuu vya Pisa, Torino na Roma. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia alijiunga na jeshi, ingawa alishapita miaka 50. Huko alishughulikia maputo yenye injini, akashauri yajazwe heli badala ya hidrojeni inayolipuka.

Utafiti wa samaki

Mwanabiolojia Umberto D'Ancona, aliyemwoa binti yake, aliona kwamba uvuvi wa Bahari ya Adria ulipopungua vitani, papa na samaki wengine walao samaki waliongezeka sokoni kwa uwiano. Mwaka 1926 Volterra alionyesha sababu kwa hesabu: uvuvi ukipungua, wawindaji hunufaika, ukiongezeka kwa kiasi, mawindo hunufaika. Mmarekani Alfred Lotka alikuwa amefikia milinganyo hiyohiyo peke yake.

Mwaka 1931 Volterra alikataa kula kiapo cha utii kwa serikali ya Kifashisti, akapoteza uprofesa wake. Milinganyo yake ingali msingi wa masomo ya usimamizi wa uvuvi na wanyamapori.