Bernard Rimland: baba aliyewatetea akina mama, kisha akazikimbilia dawa

Kila tunapozungumzia usonji hewani, simu zinazofuata huwa za wazazi wanaouliza dawa. Mmoja ameambiwa na jirani, mwingine ameona kwenye simu yake kwamba kuna sindano, kuna vidonge, kuna vitamini. Leo nawasimulia habari za baba mmoja wa Marekani ambaye swali hilo lilimshika kwa karibu miaka 50.

Bernard Rimland alizaliwa mwaka 1928 katika mji wa Cleveland. Wazazi wake walikuwa Wayahudi waliohama kutoka Urusi. Alikulia San Diego, California, akasoma saikolojia hadi shahada ya udaktari mwaka 1953, kisha akaajiriwa na Jeshi la Majini. Kazi yake ilikuwa kuandaa na kupima mitihani ya askari, yaani mtu wa takwimu. Hakuwa daktari wa hospitali.

Mwaka 1956 yeye na mkewe Gloria walipata mtoto, Mark. Mtoto alilia bila kunyamazika na hakutaka kubebwa. Alipoanza kusema, alirudia maneno tu bila kuzungumza na mtu. Daktari wao hakuielewa hali hiyo. Gloria ndiye aliyekumbuka kwamba chuoni aliwahi kusoma habari za mtoto wa namna hiyo. Wakavitafuta vitabu vyake vya zamani, wakavifungua, wakakutana na neno usonji.

Usonji ni hali ya ukuaji wa ubongo inayomfanya mtoto awasiliane na kuchangamana na watu kwa namna tofauti na wenzake. Daktari Leo Kanner aliieleza mwaka 1943. Lakini miaka ile wataalamu wengi walifundisha kwamba chanzo ni mama asiye na upendo, mama baridi kama jokofu. Fikiria mama amekesha na mtoto mwaka mzima, anafika kliniki, anaambiwa kosa ni lake.

Rimland alimwona Gloria akimlea Mark, akajua maelezo hayo hayaingii akilini. Kwa miaka kadhaa, baada ya kazi, alisoma kila kilichoandikwa juu ya usonji, na jeshi lilipomtuma safari alitumia nafasi hiyo kuingia maktaba za miji mingine. Mwaka 1964 alitoa kitabu kilichoonyesha kwamba hakuna ushahidi wowote dhidi ya akina mama, na kwamba chanzo kitafutwe katika mwili na ubongo. Kanner mwenyewe aliandika dibaji yake, ingawa huko nyuma naye aliwahi kuwaelezea wazazi hao kama watu baridi. Kwa kitabu hicho, kwa maoni yangu, Rimland anastahili kukumbukwa hata kama asingefanya jambo jingine.

Ndani ya kitabu aliweka fomu ya maswali. Wazazi waliichana, wakaijaza, wakamtumia kwa posta. Mwaka 1965 alishiriki kuanzisha chama cha kitaifa cha wazazi, na mwaka 1967 akafungua kituo chake cha utafiti San Diego. Barua ziliendelea kuja, na sasa zilikuwa na habari za tiba. Wazazi mbalimbali, wasiojuana, walimwandikia kwamba vitamini fulani zimewasaidia watoto wao. Rimland, aliyekuwa amewaona wataalamu wakiwapuuza wazazi, aliamua kuwasikiliza. Akawa mtetezi mkubwa wa vitamini B6 kwa dozi kubwa pamoja na magnesiamu. Tafiti zilizofuata hazikutoa ushahidi wa kutosha kwamba inasaidia, na B6 nyingi kwa muda mrefu inaweza kuharibu mishipa ya fahamu.

Kisha ikaja sekretini. Hii ni dawa ya sindano iliyoidhinishwa Marekani kwa kupima kazi ya kongosho. Mtoto mmoja mwenye usonji alidungwa katika kipimo cha tumbo, na baadaye mama yake akaona analala vizuri na ameanza kusema. Televisheni ilipotangaza habari hiyo mwaka 1998, maelfu ya wazazi waliwatafuta madaktari. Dawa ikaadimika, bei ikapaa. Rimland aliisifu mno.

Hapo tuelewane. Daktari kutumia dawa kwa kazi ambayo haikuidhinishiwa si kosa, na mara nyingine ni busara, maana dawa nyingi hazijawahi kujaribiwa kwa watoto. La kumuuliza ni je, imejaribiwa kwa watoto wangapi wenye hali hii, na madhara yake ni yapi?

Sekretini ilijaribiwa. Mwaka 1999 yalitoka matokeo ya utafiti wa watoto 60. Nusu walidungwa dawa, nusu maji ya chumvi, na wazazi hawakujua nani kapata nini. Makundi yote mawili yalionekana kupata nafuu, na dawa haikuyashinda maji. Mtoto huendelea kukua hata bila sindano, na mzazi aliyegharamika na kungoja kwa hamu huliona kila neno jipya. Walipoelezwa matokeo, asilimia 69 ya wazazi walisema bado wanaitaka. Mimi siwacheki.

Rimland hakurudi nyuma. Aliamini pia kwamba chanjo zinasababisha usonji, jambo ambalo tafiti kubwa za nchi kadhaa zimelikanusha. Aliunga mkono hata dawa za kuondoa madini mwilini, ambazo kazi yake halali ni kutibu watu waliodhurika na sumu kama ya risasi. Mwaka 2005, jimboni Pennsylvania, mtoto wa miaka 5 mwenye usonji alifariki baada ya kudungwa mojawapo. Ilishusha kalisiamu katika damu yake hadi moyo ukasimama.

Oktoba 2006 Marekani iliidhinisha risperidoni kwa watoto wenye usonji. Hata hiyo haitibu usonji wenyewe. Inapunguza hasira kali na tabia ya kujiumiza, na inaweza kumnenepesha mtoto na kumfanya asinzie. Rimland alifariki mwezi uliofuata, Novemba 21, kwa saratani ya tezi dume, akiwa na miaka 78.

Mark alikua akawa mchoraji. Picha zake zimeonyeshwa kwa watu, na dada yake alipoandika kitabu cha watoto kuhusu paka, Mark ndiye aliyekichorea.