Duff Abrams na Ndoo ya Sita

Ukiingia maabara yoyote ya uhandisi ujenzi utaikuta koni ya chuma iliyo wazi juu na chini: kimo milimita 300, upana wa chini 200, wa juu 100. Unaijaza zege kwa tabaka 3, kila tabaka unalichoma mara 25 kwa fimbo ya chuma, halafu unainyanyua koni taratibu na kupima zege limeshuka kiasi gani. Wahandisi wa nchi zinazozungumza Kihispania wanaiita koni ya Abrams. Fomula yake nayo imo kwenye mtihani, na asiyeishika sapu inamsubiri. Jina tunalo mdomoni kila muhula, lakini muulize mtu Abrams alikuwa nani, atakutazama tu. Ndiyo maana naandika, na ninawaandikia hata jamaa wa sheria na ualimu, kwa sababu zege mnalikanyaga kila siku mkienda lekcha.

Duff Andrew Abrams alizaliwa mwaka 1880 katika jimbo la Illinois, Marekani. Illinois si mahali pa kuchezea zege. Kiangazi ni joto kali, na Januari wastani wa joto uko chini ya sifuri. Kibaya zaidi si ile baridi ya moja kwa moja, ni ile ya kwenda na kurudi: usiku maji yanaganda, mchana yanayeyuka, usiku yanaganda tena, majira yote ya baridi. Maji yakiganda yanavimba kwa karibu asilimia 9. Sasa fikiria maji hayo yamejificha ndani ya zege la njia ya gari mbele ya nyumba ya mtu. Yakivimba hayana pa kwenda. Zege linachanika ndani kwa ndani, uso unabanduka magamba, na baada ya miaka michache mwenye nyumba ana kokoto tupu.

Abrams alisoma Chuo Kikuu cha Illinois kilichoko Urbana, akabaki hapohapo kufanya utafiti. Kazi yake kubwa ya kwanza ilikuwa juu ya namna zege linavyoshikana na nondo, nayo ilitoka mwaka 1913 kama taarifa namba 71 ya kituo cha majaribio cha chuo hicho. Mwaka uliofuata akahamia Chicago, katika Lewis Institute, kusimamia maabara ya vifaa vya ujenzi. Muda si mrefu chama cha watengenezaji wa saruji wa Marekani kikaingia ubia na maabara hiyo. Kumbukeni hilo la fedha za wauza saruji, nitalirudia.

Ili kuelewa alichokifanya inabidi kujua zege la wakati ule lilivyokuwa. Zamani kidogo mafundi walikuwa wakichanganya zege kavukavu, kisha wanalishindilia kwa nguvu kama mtu anayeshindilia sakafu ya udongo. Kazi ngumu, na iliwaumiza watu migongo. Mwaka 1891 mjini Bellefontaine, Ohio, mji mwingine wa barafu, George Bartholomew alilaza kipande cha barabara ya zege kando ya mahakama, na miaka 2 baadaye Court Avenue ikasakafiwa. Baraza la mji halikumwamini, ikabidi aweke dhamana ya dola 5,000 kwamba barabara itadumu miaka 5. Barabara ile ipo mpaka leo. Lakini ilipofika karne ya 20 majengo yalikuwa yanapanda juu, na wakandarasi wakagundua raha ya zege la majimaji. Unalipandisha juu ya mnara, unalimwaga kwenye mifereji ya bati, linateremka lenyewe kama uji mpaka linapotakiwa. Vibarua wachache, kazi haraka. Ubora, mafundi walidhani, unatokana na vipimo vya saruji, mchanga na kokoto: 1 kwa 2 kwa 4, basi. Maji yalikuwa ni maji tu, hakuna aliyeyahesabu.

Abrams akayahesabu. Yeye na wenzake walitengeneza sampuli na kuziponda kwenye mashine, mwaka baada ya mwaka, majaribio yakafika takribani 50,000. Mwaka 1918 akatoa kijitabu cha kwanza cha maabara ile, kinachohusu kupanga mchanganyiko wa zege. Habari yenyewe ilikuwa fupi kiasi cha kukera: kwa vifaa vilevile, mradi zege lipo katika hali ya kufanyika kazi, nguvu yake inaamuliwa na kiasi cha maji ukilinganisha na saruji. Hesabu aliyoiweka kwa zege la siku 28 ilisema uchukue 14,000, ugawanye kwa 7 iliyopandishwa kwa kipeo cha uwiano huo wa maji na saruji kwa ujazo.

Msikimbie, jamani, hesabu ni nyepesi. Tuseme saruji ni ndoo 5 na maji ni ndoo 5. Uwiano ni 1, nguvu inatoka pauni 2,000 kwa kila inchi ya mraba. Fundi anaona zege zito, anaongeza ndoo ya sita ya maji. Uwiano unakuwa 1.2 na nguvu inashuka mpaka kama pauni 1,355. Saruji ni ileile, mchanga uleule, gharama ileile, na karibu theluthi ya nguvu imeondoka kwa ndoo moja tu isiyolipiwa na mtu. Siku hiyo hakuna anayeona tofauti. Zege la ndoo ya sita hata linapendeza zaidi kwa macho, linajisawazisha lenyewe.

Sababu ni kwamba saruji haikauki kama nguo juani. Inaungana na maji na kuwa kitu kipya kigumu, na inahitaji maji kiasi fulani tu. Yanayozidi yanakaa ndani yakichukua nafasi, na yakiondoka yanaacha vinjia vyembamba visivyoonekana. Kwetu Dar vinjia hivyo vinamaanisha zege dhaifu na nondo zinazoshika kutu. Kule Illinois ni hivyo pamoja na barafu: ndimo yanamopita maji ya theluji iliyoyeyuka, na ndimo yanamoganda.

Nataka kuwa mkweli juu ya mtu huyu, kwa sababu kwenye nukuu za darasani anaonekana kama nabii. Hakuwa wa kwanza. René Féret, Mfaransa, alikuwa ameshaonyesha tangu miaka ya 1890 kwamba nguvu ya chokaa cha saruji inategemea nafasi zinazoachwa na maji na hewa. Arthur Talbot wa Illinois, pamoja na Richart, walichapisha mwaka 1923 njia yao inayotazama nafasi hizo zote, siyo maji peke yake. Wako wanaoona njia hiyo ilikuwa pana zaidi, na mimi nakubaliana nao. Lakini Abrams alishinda kwa sababu alimpa msimamizi wa kazi namba moja anayoweza kuibeba kichwani mpaka saiti. Na hapa ndipo nairudia ile habari ya fedha. Mtu anayelipwa na wauza saruji angeweza kuishia kusema mkitaka zege bora nunueni mifuko zaidi. Yeye akasema punguzeni maji, ambayo hakuna kampuni inayouza.

Pia hakuwa mjinga wa kudhani ukavu ndio suluhisho. Zege kavu mno linaacha matundu kama sega la nyuki. Ndiyo maana jina lake likashikamana na ile koni: inasaidia kupata kiasi kidogo cha maji ambacho bado kinamruhusu kibarua kufanya kazi. Naipenda koni ile kwa hilo. Ni makubaliano kati ya mgongo wa mtu na uhai wa sakafu.

Jambo ambalo Abrams hakulimaliza ni barafu yenyewe. Alipima nguvu kwa kuponda, na nguvu ya kupondwa haisemi yote. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1930 ilionekana kwamba barabara fulani za jimbo la New York zinavumilia majira ya baridi kuliko jirani zake. Kumbe saruji yake ilisagwa pamoja na mafuta ya ng'ombe ili kurahisisha kusaga, na mafuta hayo yakaacha vipovu vidogo sana vya hewa ndani ya zege. T. C. Powers, wa maabara ya chama kilekile cha saruji, akaeleza sababu: maji yanapoganda na kusukuma, vipovu vinayapa pa kukimbilia. Utamu wa habari ni kwamba hewa inapunguza nguvu, kiasi cha asilimia 5 kwa kila asilimia 1 ya hewa. Kwa koni na mashine ya kuponda peke yake usingeigundua dawa hii. Ungeikataa.

Leo anayejenga njia ya gari huko kwenye baridi anachukua vyote viwili. Maji hayazidi 0.45 ya uzito wa saruji, yaani lita 22.5 kwa mfuko wa kilo 50, na unyevu wa mchanga umo kwenye hesabu. Hewa ya vipovu ni asilimia 5 hadi 7. Unene ni milimita 100 juu ya kokoto zilizoshindiliwa, viungo vinakatwa kila mita 3 hivi ili ufa upite pale unapotaka wewe, na mteremko unaondoa maji. Fundi hagusi uso kwa mwiko kabla maji yanayopanda juu hayajaisha, la sivyo anayafungia chini ya ngozi nyembamba itakayobanduka. Zege linafunikwa mablanketi lisigande likiwa changa, na majira ya kwanza ya baridi halitiwi chumvi ya kuyeyushia barafu.

Abrams mwenyewe aliiacha maabara ya Chicago katikati ya miaka ya 1920 akaenda New York kufanya utafiti kwenye kampuni ya saruji, na mwaka 1930 akawa rais wa taasisi ya zege ya Marekani. Alifariki mwaka 1965. Kufikia wakati huo zege la Marekani lilikuwa likiletwa nyumbani na lori linalozunguka, na nyuma ya lori kulikuwa na tangi dogo la maji lenye mpira, ambao mwenye nyumba yeyote angeweza kumwomba dereva aufungue kidogo.